Kuandaa Sana, Kuingilia Kidogo: Matembezi ya Skauti Kaskazini mwa Pemba

Kila mwaka, katika mwisho wa wiki mmoja wa msimu wa kipupwe, vikosi vya skauti kutoka skuli kadhaa za kaskazini mwa Pemba hukutana Konde, na kutoka hapo vijana wa miaka 13 hadi 17 huenda kwa miguu, mizigo mgongoni, wakipita msitu wa Ngezi hadi Ras Kigomasha, kisha siku ya pili hurudi kwa njia ya ufukwe wa Vumawimbi. Kwa anayetazama umbali peke yake, safari hii si kubwa, kwani mwendo wa siku moja haufiki kilomita 20, na kisiwa chetu, pamoja na wingi wa vilima na mabonde yake, hakina kilele kinachostahiki kuitwa mlima. Nimekuwa miongoni mwa viongozi wa matembezi haya kwa miaka kadhaa, na nimefikia imani moja ambayo naishikilia kwa nguvu: kijana hufaidika na safari ya namna hii pale tu watu wazima wanapokubali kufanya kazi kubwa kabla ya safari, ili safari ikishaanza wabakiwe na kazi ndogo.

Kazi hiyo kubwa huanza na tarehe. Masika, ambayo kwa kawaida huanza mwezi wa Machi na kwenda hadi Mei, lazima yaepukwe, kwa sababu njia za mabondeni hugeuka tope na vijito vya msituni hujaa. Mvua za vuli nazo huanza mwezi wa Oktoba. Tarehe isigongane na Ramadhani, ambayo kila mwaka hutangulia kwa siku 10 au 11 katika kalenda ya miladi, wala na mitihani, wala na kilele cha uchumaji wa karafuu, kwani karafuu zikishapea hakuna mzazi wa Pemba atakayemwachia kijana mwenye nguvu aende kutembea ilhali shamba linamngoja. Baada ya hayo yote ndipo huja bahari. Kwa kuwa siku ya pili tunapita ufukweni, tunazitafuta siku za bamvua, ambapo katika mwambao wetu maji hukupwa sana kiasi cha saa nne hadi saa tano asubuhi, na tofauti baina ya kujaa na kukupwa hukaribia mita 4. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, nasi tumezoea kuchagua ile ya mwezi mpevu, kwa sababu huwapa vijana mwangaza wa usiku kambini na kupunguza haja ya tochi. Tena ni lazima mtu akumbuke kwamba maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku, hivyo saa iliyofaa Jumamosi haifai kunakiliwa kwa ajili ya Jumapili. Hesabu hizi tunazifanya miezi kadhaa kabla, tukiwa na kalenda ya Kiislamu, kalenda ya skuli na mvuvi mmoja mzee ambaye neno lake juu ya maji sijaliona likienda kombo.

Baada ya tarehe huja ruhusa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanaoandaa shughuli za vijana huidharau sehemu hii. Kwanza tunakwenda kwa masheha, yaani viongozi wa serikali wa shehia, wa maeneo yote tutakayopita, si kwa barua peke yake bali kwa miguu yetu, tukakaa barazani tukaeleza nani anakuja, wangapi, watalala wapi na nani atakuwa pamoja nao. Sheha huwa na habari ambayo ramani haina: kisima kipi kimeingia chumvi, daraja lipi la mbao limeoza, shamba la nani lina mgogoro wa mpaka, na sehemu zipi za msitu ambazo wenyeji wanaziheshimu na hawapendi zikanyagwe na wageni. Kisha tunakwenda kwa maofisa wa misitu, kwa kuwa Ngezi ni hifadhi na mtu haingii humo kama aingiavyo shambani kwake. Kisha tunawaendea maustadhi, kwa sababu wengi wa vijana hawa husoma chuo cha Kurani siku za mapumziko ya skuli, na ustadhi aliyeombwa mapema huwa msaada, ilhali aliyepitwa huweza kuizuia safari nzima, na kwa haki.

Wazazi huja mwisho, na kwao sisi hutumia muda mrefu kuliko popote pengine. Baba anayemruhusu mtoto wake wa kike kulala nje ya nyumba kwa usiku mmoja au miwili anatupa amana, na anastahiki kujibiwa kila swali bila ya kuharakishwa. Tunamwambia kwamba wasichana watalala katika jengo lao la skuli pamoja na walimu wa kike, kwamba hakuna kikundi cha wasichana kitakachofuatwa na kiongozi wa kiume, kwamba sala zitasaliwa kwa wakati wake, na kwamba anaweza kuja mwenyewe wakati wowote akaangalia. Kuna jambo dogo lililotusumbua mwanzoni, nalo ni desturi ya maskauti duniani kote kusalimiana kwa mkono wa kushoto. Kwetu sisi mkono wa kushoto haupewi mtu mzima, na mzee mmoja aliwahi kutuuliza kwa masikitiko kama tunawafundisha watoto utovu wa adabu. Tulikubaliana kwamba vijana watapeana mkono huo wao kwa wao tu, na kila mtu mzima wa njiani atasalimiwa kwa mkono wa kulia na kwa shikamoo kamili. Wazee wengine hawakuhitaji maelezo hayo. Uskauti uliingia Zanzibar mwaka 1912, na wapo ambao walivaa skafu utotoni kabla ya Mapinduzi ya 1964, kabla vikosi havijavunjwa. Mmoja wao hutungoja njiani kila mwaka ili awapime vijana kwa mafundo ya kamba.

Kuhusu maji na miguu sina mengi, ila machache haya yana uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kijana anayepanga mzigo wake usiku wa kuamkia safari hushawishika kupunguza maji ili abaki na biskuti. Kwa joto letu anahitaji kiasi cha nusu lita kwa kila saa ya mwendo, kwa hiyo tunahakikisha kwamba hakuna sehemu ya njia inayozidi saa tatu bila ya mahali pa kujaza, na mahali hapo tumepaonja wenyewe wiki iliyotangulia. Kila kikundi hubeba sukari na chumvi, na kila mwanakikundi lazima ajue kwa moyo kipimo chake: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji salama. Viatu vipya hatuviruhusu. Mtoto aliyenunuliwa viatu kwa ajili ya safari huvivaa kwa fahari na kufika Makangale, kijiji kilicho baada ya msitu, akiwa na malengelenge, ilhali mwenzake mwenye viatu vya skuli vilivyochakaa na soksi safi hufika akiwa mzima.

Vikundi huwa vya watu sita au saba, kwa sababu maalumu: mmoja akiumia, yupo wa kubaki naye, na wapo wawili wa kwenda kutafuta msaada, bila ya mtu yeyote kuachwa peke yake. Kila kikundi hupewa ramani, dira, simu moja ya kawaida iliyofungwa ndani ya bahasha, na mtu mzima mmoja anayetembea nyuma kabisa, mbali kiasi cha kutosikia mazungumzo yao. Sisi humwita mfuataji. Mfuataji anaruhusiwa kusema kwa sababu tatu tu: gari, bahari na ugonjwa. Njia si miongoni mwa sababu hizo.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililozua ubishi mkubwa baina yetu viongozi, na ndilo ninaloliamini kuliko yote. Mwaka mmoja nilikuwa mfuataji wa kikundi cha wavulana sita kilichotakiwa, baada ya kutoka msituni, kushika upande wa kushoto kuelekea Makangale. Walikuwa wamechangamka, wakizungumza juu ya mpira, na kwenye panda wakashika kulia, njia pana iliyokanyagwa vizuri, inayokwenda Vumawimbi. Niliwaona wakipotea, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu hakukuwa kwepesi, kwani ilikuwa karibu saa nne, jua lilishaanza kupanda, nami nilijua kila hatua wanayokwenda watalazimika kuirudi. Lakini nilijua pia kwamba mbele yao hapakuwa na hatari yoyote: njia hiyo tulikuwa tumeitembea wiki iliyopita, maji waliyobeba yalitosha, na mwisho wake ulikuwa ufukwe wenye kijiji cha wavuvi karibu. Ukimya wangu ulikuwa umelipiwa mapema na kazi ya maandalizi.

Aliyewazindua hakuwa kiongozi wa kikundi wala mwenye ramani, bali kijana mdogo wa Tumbe, mtoto wa mvuvi, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi. Alisimama mahali peupe akauliza kwa nini upepo umehama. Tangu walipoondoka Konde, kila walipotoka kwenye miti, kusi, upepo utokao kusini, ilikuwa ikiwapiga mgongoni, na sasa ilikuwa inampiga shavu la kulia. Kusi, alisema, haihami saa hizi. Basi aliyehama ni wao. Wenzake hawakumkubali mara moja. Mmoja alitoa saa yake ya mkono akafanya kama alivyosoma kitabuni: akauelekeza mshale wa saa kwenye jua, akagawa nafasi iliyo baina yake na namba 12, na akatangaza kwamba mbele yao ni kusini. Kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, ambako jua la mchana huwa kusini daima. Pemba iko kiasi cha digrii tano kusini mwa ikweta, na katika mwezi wa Julai jua letu hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo hesabu ile, iliyofanywa kwa usahihi kabisa, ilimpa jawabu la nchi nyingine, ikamwonesha kusini pahala penye mashariki.

Wakabishana, na mimi nikiwa nimekaa chini ya mwembe nilifurahi kuona kwamba waliketi chini kabla ya kubishana. Hatimaye wakakumbuka kijiti. Wakasimamisha fimbo katika mchanga, wakaweka jiwe kwenye ncha ya kivuli, wakanywa maji na kusubiri kiasi cha robo saa, kisha wakaweka jiwe la pili pale ncha ilipohamia. Jiwe la kwanza ni magharibi na la pili ni mashariki, na kanuni hii haijali uko upande gani wa ikweta. Mstari wa mawe ulikubaliana na shavu la mtoto wa mvuvi: walikuwa wakienda mashariki. Ndipo mwenye dira, ambaye muda wote alikuwa nayo mfukoni, akaitoa ikathibitisha. Hakuna aliyemcheka, na hilo nalo nililiandika katika daftari langu.

Walirudi hadi kwenye panda, na hapo wakafanya jambo ambalo sikulitarajia. Kabla ya kushika njia ya kushoto, walikusanya vijiti wakaweka alama ya mkasi kwenye ile njia ya kulia, alama ambayo maskauti wote huijua kuwa maana yake ni “usipite huku”, na mshale kwenye ile ya kushoto, kwa ajili ya kikundi cha wasichana kilichokuwa nyuma yao. Wasichana wale walipita bila ya kusita. Mwalimu aliyewafuata aliniambia jioni kwamba waliziona alama, wakasimama, wakailinganisha njia na ramani yao kwanza, na baada ya hapo tu ndipo wakazifuata. Nami nikaona kwamba hao walikuwa wamejifunza zaidi kuliko wavulana wangu.

Kama ningepiga kelele pale kwenye panda, kikundi kingefika Makangale saa moja na zaidi mapema, na mtoto wa Tumbe angefika huko bila ya mwenzake yeyote kujua kwamba anausoma upepo. Vijana wetu hawaji mikono mitupu. Wengine wamekulia baharini, wengine mashambani, wengine wanajua kuwasha moto kwa makumbi mabichi ambayo mimi yangenishinda. Skuli haina pahala pa kuyauliza mambo hayo, na mtihani hauyapimi, lakini panda ya njia, ikiwa hakuna mtu mzima wa kuijibia, huyauliza yote.

Msitu wenyewe ni mwalimu wa aina nyingine. Ngezi umehifadhiwa tangu miaka ya 1950, una ukubwa wa takriban hekta 1,400, na ni sehemu kubwa iliyobaki ya msitu wa asili uliokuwa umekifunika kisiwa kabla ya mashamba ya karafuu. Humo kuna mivule mirefu, na kuna mpapindi, mti wa jamii ya minazi na mipopoo ambao kwa asili yake hauoti popote duniani isipokuwa Pemba. Popo wakubwa wa Pemba nao ni wetu peke yetu. Mabawa yao yakitanuliwa huzidi mita moja na nusu, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache sana kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa miti wanayolala. Vijana wengi huja wakiwa wamezoea kumrushia popo mawe kwa sababu anakula maembe na mashelisheli, na mlinzi wa msitu akiwaeleza kwamba mbegu zinazoangushwa na popo ndizo zinazouendeleza msitu, huwa wanasikiliza kwa namna ambayo siioni darasani. Moto hatuwashi ndani ya hifadhi, wala hatukati hata ufito. Chakula cha mchana ni cha baridi, muhogo uliochemshwa nyumbani, samaki wa kukaanga na tende, na kupika kunangoja hadi kijijini.

Siku ya pili ni ya bahari, na siku hiyo mfuataji huwa na ruhusa zaidi ya kusema. Vikundi huamshwa alfajiri, husali, hunywa uji, na kwenda kuutazama mnara wa taa wa Kigomasha, uliojengwa kwa chuma mwaka 1904, kabla ya kuteremka ufukweni. Hapo kila kiongozi wa kikundi lazima atueleze maji yatakupwa saa ngapi, yataanza kujaa saa ngapi, na wapi watatoka mchangani kurudi njia ya juu endapo mwenzao mmoja atachoka. Asiyeweza kueleza haondoki mpaka akae na wenzake wakapate jawabu. Mwaka mmoja kikundi kimoja kilichelewa hapo hadi maji yakaanza kupanda, tukawaambia kwamba ufukwe umeshafungwa na watapita njia ya ndani, ambayo ni ndefu na yenye joto. Walinuna, na mzazi mmoja baadaye alilalamika kwamba tumewanyima watoto sehemu nzuri kuliko zote. Namheshimu mzazi huyo, lakini nisingebadilisha uamuzi ule. Njia ikikosewa hurudiwa, na tunawaachia. Wakati wa bahari ukishapita haurudishwi, na hapo hatuwaachii.

Jumapili alasiri, Konde, baada ya kuoga na kula, kila kikundi husoma mbele ya wengine yale kilichoyaandika njiani: saa za kuondoka na kufika, maji yaliyotumika, nani aliumia nini, wapi walibishana na waliamuaje. Watu wazima hawatii neno mpaka vikundi vyote vimalize. Ni katika kikao hicho ambapo vijana wenyewe walipendekeza kwamba kiongozi wa kikundi abadilishwe baada ya kila kituo, ili asiwe mmoja anayeamua siku nzima, na ni wao waliotaka kila kikundi kichanganye watoto wa baharini na watoto wa mashambani, bila ya kujali wanasoma skuli gani. Yote mawili tumeyakubali, na vikundi sasa hupangwa hivyo.

Safari hii wamekuja na ombi jipya, nalo ni kubadilisha njia kabisa: kuelekea mashariki hadi Tumbe, kuyaona magofu ya Chwaka yenye makaburi ya ukoo wa Mazrui, na kulala huko badala ya Kigomasha. Baadhi ya viongozi wanaona kwamba tuendelee na njia tunayoijua. Mimi nimeunga mkono vijana kwa sharti moja, kwamba kwanza tuitembee wenyewe mara mbili, mara moja katika bamvua na mara moja katika maji mafu, yanapojaa na kukupwa kidogo, kwa sababu njia waliyoichora inakatisha eneo la mikoko ambalo hatujaliona maji yakiwa yamejaa. Sheha wa huko tumeshamwendea, na yule mvuvi mzee amekubali kufuatana nasi.